Mstari Uliopinda Kabla ya Wakati

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa sijajua mstaafu anatakiwa awahi wapi. Nimeitundika sebuleni hapa Kondoa, na kila ikigonga nashtuka kama nimechelewa kazini.

Siku ile, kati ya pilau na soda, yule mhandisi mpya aliniuliza mbele ya watu wote: "Mama, kwenye kazi yetu ya maji, kipi kinamfikisha mtu mbali? Hesabu au kujua kuandika programu?" Watu wakacheka, mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti, keki ikakatwa. Sikujibu, najibu sasa. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini mtasoma kwenye faili langu kama panya wamelibakiza. Hapa naandika mishtuko tu, maana kazi hii ilinishtua tangu siku ya kwanza, na mshtuko wa wiki yangu ya mwisho haujanitoka hadi leo.

Niliripoti Dodoma nikiwa binti wa Kirangi niliyejiamini kupita kiasi. Nilikuwa na alama nzuri za hesabu, na nilidhani nitapewa meza, kiti na matatizo magumu. Nikapelekwa kwa Mzee Ndahani, mhandisi aliyeongoza kikundi cha kutafuta maji ya chini. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuniuliza jina. Alinipa nyundo.

Tulikwenda Makutupora, kwenye mashamba ya mizabibu, na mchana kutwa nikagongelea vijiti vya chuma ardhini ili tupitishe umeme na kusoma jinsi udongo unavyoupokea. Udongo wenye maji huupitisha kwa wepesi, mwamba mkavu huukatalia. Wanawake waliokuwa wakichuma zabibu walisimama kunitazama.

"Dada, unatafuta nini?"

"Maji."

"Kwa nyundo?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kikapu chake.

Tuliporudi ofisini nilisema, sasa hesabu zitaanza. Mzee Ndahani akachora vipimo vyetu kwenye karatasi inayopitisha mwanga, akaibandika kwenye kioo cha dirisha juu ya karatasi nyingine yenye mikunjo iliyochapwa, yaani mistari iliyopinda, akaisogeza huku na huku mpaka mkunjo wetu ukalala juu ya mmojawapo. "Maji yapo," akasema, akaandika kina, akaenda kunywa chai.

Niliduwaa. Miaka yote ile ya kukokotoa, kumbe kazi ni kubandika karatasi dirishani!

"Mzee, hesabu zenyewe ziko wapi?"

"Dirishani. Kuna mtu alishatoka jasho kuuchora huo mkunjo. Sasa na wewe utatoka jasho uuchore mmoja, kwa mkono, ndipo nitakuruhusu kusogelea dirisha langu."

Hakuwa anatania. Masika nzima nilikokotoa kwa jedwali la logi, nikifuta na kuanza upya, na nikimlaani kimoyomoyo kwa Kirangi ili asielewe. Mkunjo ulipokamilika aliuweka juu ya ule uliochapwa. Ukalala sawasawa. Nilisisimka mwili mzima, na siyo aibu kusema machozi yalinitoka. "Haya," akasema, "sasa unajua unachobandika."

Ni yeye pia aliyenifundisha logarithimu kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliwahi kunifundisha. Ukipampu kisima, alisema, maji hushuka, lakini hayafuati saa yetu. Kadiri yanavyoshuka kutoka dakika ya kwanza hadi ya kumi, ndivyo yanavyoshuka tena kutoka ya kumi hadi ya mia. Kwetu ni muda mrefu zaidi, kwa kisima ni hatua ileile. Kisima kina saa yake, na logi ndiyo namna ya kuisoma. Chora kushuka kwake kwa saa hiyo utapata mstari ulionyooka. Ukilala, ujue kisima kimepata maji ya kukilisha kutoka mahali fulani. Ukizidi kuinama, ujue kimegonga ukuta wa mwamba. Na wakati ule mstari unapopinda unakwambia hilo jambo liko umbali gani. "Mstari hausemi uongo," alisema, "lakini hausemi usichouliza."

Kisha kompyuta ikaja. Ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi, na ufunguo wa chumba chake alikaa nao karani wa masjala, ambaye hakujua kuiwasha. Mzee Ndahani, akiwa karibu kustaafu, aliizunguka mara moja akasema, "Ni dirisha lingine tu, Zuhura." Nilijifunza kuandika programu kwa kitabu kilichokosa jalada na sura yake ya kwanza. Programu yangu ya mwanzo ilitangaza kwamba maji ya kisima kimoja yako juu angani, sababu nilikosea alama moja ya kutoa. Nilikodoa macho. Mwanadamu akikosea hivyo huona haya, mashine ile iliniandikia upuuzi ule kwa wino safi, bila kupepesa. Hapo nikajua nina mtumishi mwenye nguvu na asiye na akili.

Mwenzangu mmoja, aliyenizidi hesabu kwa mbali, alikataa kuigusa. Alisema hayo ni mambo ya wapiga chapa. Mpaka anamaliza kukokotoa kisima kimoja, sisi tumechimba vitatu na kupata maji katika viwili. Nilimsikitikia, maana kichwa chake kilikuwa chema. Baadaye wakaja wengine wa upande wa pili, walioandika programu usiku na mchana na kuchimba mashimo makavu yenye michoro ya rangi nzuri ajabu.

Ndipo akaja Elisha.

Elisha alikuwa kijana wa hukohuko Mvumi, mpole, mwenye laptopu iliyobandikwa stika kila mahali. Wiki yake ya kwanza nilimpa vipimo vya kisima ambavyo vingenichukua siku kadhaa. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi na kikombe alikuwa amemaliza, amechora, na amejaribu njia nyingine tano ambazo mimi nisingezijaribu hata moja kwa uvivu.

"Umefanyaje hii?"

"Nimeandika kodi kidogo ya programu, Mama. Imefiti freshi kabisa."

Chai ilinipoa mkononi. Nikakagua namba kwa kalamu, moja baada ya nyingine, nikitafuta kosa kwa wivu. Sikuliona. Kisha, kwa mazoea ya Mzee Ndahani, nikamuuliza, "Logarithimu ni nini, mwanangu?"

"Ni fankisheni, Mama. Iko kwenye maktaba ya programu. Unaiita tu, inakuja."

"Inakuja kutoka wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza umeme wa ukutani unatoka wapi. Sijui nani alishtuka zaidi kati yetu. Mhandisi mwenye shahada, logi kwake ni mbwa wa kuitwa!

Haya, sasa kesi yenyewe. Upande wa Mlali, Kongwa, kulikuwa na shule ya wasichana iliyotaka kujenga bweni. Mkuu wa shule aliitwa Mwalimu Rehema, mwanamke mfupi anayetembea kama anayechelewa treni. Mabinti wake walikuwa wakitembea asubuhi kufukua mchanga wa korongo wapate maji, wakifika darasani kipindi cha hesabu kimeisha. Nilimwelewa kabla hajamaliza kusema. Mimi mwenyewe nilisomea Kondoa nikiwa na ndoo, na aljebra nyingi niliikuta ubaoni imeshafutwa nusu. Alitaka jibu moja: je, kisima kilichochimbwa pale shuleni kitatosha mabinti wote aliowaandikisha? Kama ndiyo, msingi ungechimbwa. Kama siyo, warudi korongoni.

Tulikwenda mimi na Elisha kukipima kwa kupampu. Wasioijua kazi hii hawajui kwamba maji yanayotoka wakati wa kupima hayana kazi. Yanamwagwa. Sasa jaribu kumwaga maji Ugogo, mwezi wa kiangazi, mbele ya watu! Mpira ulipoanza kutema, kijiji kizima kilikuja. Mama mmoja aliyeitwa Mama Tabu, aliyekuwa akiongoza wamama wa jirani ya shule, alisimama mbele ya Elisha akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi. Haya maji mnayapeleka wapi?"

"Yanamwagika tu, Mama. Tunapima."

"Yanamwagika? Hivihivi? Mbele ya ng'ombe?"

Elisha akanitazama, nami nikatazama ng'ombe, mbavu zao zikihesabika. Tukasema, basi, kingeni. Wamama wakashika majembe, wakaimba na kuchimba, na mchana haujaisha kukawa na lambo zuri, limejaa, mifugo inakunywa na watoto wanapiga mbizi. Mama Tabu alituletea ugali na mlenda. Kisima nacho kilikuwa na adabu kama nini! Maji yalishuka kidogo, yakatulia, yakakataa kushuka tena. Elisha aliingiza vipimo kwenye programu yake palepale, akasema kisima hiki hakikauki. Mwalimu Rehema alimkumbatia. Kesho yake mafundi wakaanza kuchimba msingi wa bweni.

Ofisini niliweka ule mchoro mbele yangu nikashindwa kuuacha. Mstari ulinyooka vizuri, kisha ukalala chali. Ulilala mapema mno.

"Elisha, programu yako inasema maji yanayokilisha kisima yanatoka wapi?"

"Haisemi, Mama. Sijaiuliza."

"Iulize."

Akakuna kichwa. "Nitaiulizaje? Sijui ekwesheni yake."

Nikavuta karatasi. Nilianza kuandika kutoka mwanzo, kama nilivyofanya masika ile, nikimweleza kila mstari, na saa ya kisima, na kwa nini kupinda kuna umbali ndani yake. Alikuwa amevuta kiti, mdomo wazi. "Kumbe logi ndiyo hii?" alisema, na uso wake ulibadilika kabisa. Kisha ikawa zamu yangu kuduwaa, maana nilipoweka kalamu chini alikuwa ameshaiandika yote kwenye mashine, na akaiamuru ijaribu kila umbali unaowezekana, jambo ambalo kwa mkono lingenizeesha. Jibu likatoka. Maji yanayokilisha kisima yako umbali wa kama kutoka mlango wa ofisi yetu hadi getini kwa mlinzi.

"Pale hakuna mto," nikasema.

"Hakuna."

"Wala bwawa."

Elisha alisimama, kiti kikaanguka. "Mama! Lambo!"

Maji tuliyoyatoa kisimani yalikuwa yanarudi kisimani! Yalikuwa yanapenya kwenye nyufa za mwamba na kushuka tena, nasi tunayapampu upya na kuyasifu. Tulikuwa tumepima ukarimu wetu wenyewe, na bweni zima lilikuwa linajengwa juu yake.

"Mimi ni Mgogo, Mama," Elisha alisema taratibu. "Ningewaambiaje wale wamama wayaache yapotee?"

Sikumlaumu. Hakuna Mgogo angeweza, na Mrangi naye alishindwa.

Tulirudi asubuhi iliyofuata. Mwalimu Rehema alitupokea kwa tabasamu, na msingi ulikuwa umeshaanza kumwagwa zege. Nilipomweleza alikaa juu ya mfuko wa saruji. "Ngoja," alisema. "Kwa hiyo ningejenga, ningewaita watoto, wangelala humu, halafu…" Hakumaliza. Mama Tabu naye, aliposikia safari hii maji lazima yapelekwe mbali, alishika kiuno. "Mhandisi, mmekuja kutuadhibu kwa kuchimba?" Elisha alimweleza kwa Kigogo. Sikuelewa yote, ila niliona anachora ardhini kwa kijiti, mviringo wa lambo, mviringo wa kisima, na mshale unaorudi. Mama Tabu alitazama mshale muda mrefu. Kisha akawaita wamama, wakabeba mabomba wenyewe begani hadi ng'ambo ya kilima, wakachimba lambo lingine huko.

Mara hii mstari haukulala. Ulishuka, ukashuka, kisha ukazidi kuinama, maana kisima kilikuwa kimegonga ukuta wa mwamba. Kwa kipimo kile kingetosha theluthi ya mabinti, siyo zaidi. Nilimwambia Mwalimu Rehema nikiwa nimesimama, kwa sababu habari kama hiyo haisemwi umekaa. Alilia. Elisha akatoka nje, akaenda kusimama peke yake kwenye msingi.

Kijana yule hakurudi kuwa yule wa kwanza. Kwanza alinisumbua kwa wiki nyingi nimwoneshe kila ekwesheni inatoka wapi, mpaka nikamkumbuka Mzee Ndahani na nyundo yake. Kisha akachukua vipimo vyote vya zamani vya eneo lile, vilivyokuwa vimelala kabatini tangu enzi za dirisha, akaviingiza kwenye programu aliyoiandika upya, safari hii akijua anachokiita. Programu ikaonesha mpasuko wa mwamba nyuma ya shule, mahali ambapo mimi kwa macho yangu nisingepagusa. Tukachimba. Maji yakatoka, siyo mengi, lakini kweli. Akakokotoa jinsi visima viwili vitakavyopokezana, kimoja kikipampiwa kingine kikipumzika, na bweni likajengwa kwa ukubwa wake uleule.

Mwalimu Rehema aliweka sharti moja. "Sitaki tena kuambiwa," alisema. "Nataka watoto wangu wajue kusoma kisima wenyewe." Basi Elisha akawa anakwenda kuwafundisha kupima kina kwa utepe unaolia ukigusa maji, na kuchora mstari kwenye karatasi ya logi. Wiki kwa wiki mabinti waliuchora kwa zamu, ukutani, kwenye ukumbi wa chakula. Nilidhani ni mchezo wa shule. Nikausahau, miaka ikapita.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa napanga vitu vyangu kwenye boksi, simu ililia. Ilikuwa namba ya Mwalimu Rehema, lakini sauti ya mtoto.

"Shikamoo, Mama Mhandisi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Pendo, niko kidato cha tatu. Mkuu amesema nikwambie mwenyewe. Tenki limekuwa linachelewa kujaa. Fundi amekuja, anasema pampu imechoka, wazazi wachange inunuliwe nyingine. Ila mimi nafikiri pampu ni nzima."

"Kwa nini?"

"Pampu ingekuwa imechoka, mstari ungelala tangu mwanzo. Huu umeanza kama kawaida, halafu umepinda ukalala." Akashusha sauti, kama anayeogopa kukosea. "Mama, kuna mahali maji yanarudi."

Nilikaa. Kulikuwa na boksi kwenye kiti, nikakaa juu ya boksi. Kwa simu, bila mashine, bila kuona ardhi, mtoto wa kidato cha tatu ananisomea saa ya kisima!

"Umekokotoa umbali?" nikauliza.

"Ndiyo. Ni karibu sana, hapahapa kwenye ua. Nimerudia, kwa sababu nilidhani nimekosea."

Nilimwita Elisha, sasa mhandisi mwenye tumbo dogo na vijana wake mwenyewe. Tulikwenda pamoja. Pendo alitusubiri kisimani, mwembamba, ana chaki vidoleni, na alikuwa ameweka jiwe pale hesabu yake ilipomfikisha. Mafundi walichimba kwenye jiwe. Hapakuwa na kitu. Nikaona mtoto anang'ata mdomo. Elisha akasema, "Hesabu inajua umbali, haijui upande. Fuateni bomba." Wakazunguka hadi bomba linapopita, umbali uleule kutoka kisimani, wakachimba, na jembe la tatu likatoa tope. Bomba lilikuwa limepasuka chini kwa chini, likirudisha maji kisimani bila mtu kujua.

Mama Tabu alikuwepo, mzee sasa, ameegemea fimbo. Alitazama shimo, akamtazama mtoto, akatugeukia. "Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Nilimwambia habari ya ule mshale."

Elisha ndiye aliyeongea. Alichuchumaa mbele ya Pendo akamuuliza swali langu, neno kwa neno:

"Logarithimu ni nini, mwanangu?"

Pendo alishangaa kwamba mhandisi mzima hajui. Akamwonesha kisima kwa kidole chenye chaki.

"Ni saa yake," alisema.